Namba za Kwenye Video

Jumatano. Mvua ya vuli imetupiga tangu asubuhi huku kaskazini mwa Pemba, na mimi sina hamu hata ya chai.

Leo wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamefanya mtihani wa kemia wa vitendo. Dawa zao nilizitayarisha mwenyewe, nikazipanga mezani, kisha nikatoka kama sheria inavyotaka. Nikabaki barazani, nawatazama dirishani.

Acha niseme ukweli. Darasa hili halikuwahi kushika bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye namba za kipimo ubavuni na koki chini. Tunayo michache kabatini, na kila nikifikiria mmoja kuvunjika, naona maelezo nitakayotakiwa kuandika. Basi skuli ilipopata projekta, nikajiona mjanja. Video ya jaribio la kudondosha dawa kwa bureti mpaka rangi igeuke tumeitazama mara nyingi mno. Watoto kimya, macho ukutani, nami pembeni nasahihisha madaftari.

Niliupenda ule ukimya.

Mize ndiye bora wao. Jioni humsaidia mamake kufunga mwani kwenye kamba, na vidole vyake ni vyepesi ajabu. Leo nimeviona vikihangaika na koki. Kwenye video, tone moja tu linageuza rangi. Yeye alifungua, dawa ikateremka kwa mkupuo, chupa ya chini yake ikawa nyekundu kupita kiasi. Akarudia, ikawa vilevile. Kisha akainama akaandika kwa utulivu, na mimi mjinga nikafurahi.

Alipotoka nilimuuliza imekuwaje. Hakuficha.

"Namba zangu zilikataa, Maalim. N'kaandika zile za kwenye video, nazijua kwa ghibu."

Nikawauliza wenziwe mmoja mmoja. Karibu wote wamefanya hivyohivyo. Lakini dawa za leo si za kwenye video, namba zile haziwezi kutoka humo kabisa. Msahihishaji atakuta darasa zima lina majibu yaleyale yasiyowezekana, atasema wametazamiana, na matokeo yatafutwa. Mize anataka uuguzi. Bila kemia hafiki.

"Kwani n'mekosea?" aliniuliza.

Nikamwambia hapana, akimbie nyumbani kabla mvua haijazidi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kitakachomkuta.

Mwalimu mkuu amenishauri ninyamaze, pengine hawatagundua. Nimeitikia, kama kawaida yangu. Nimerudi nyumbani, nimesali Alasiri, na hata kwenye sala nilikuwa naziona zile namba ukutani.

Naona aibu, na ninaogopa.

Kesho nitaandika barua kwa baraza la mitihani. Nitasema watoto hawakutazamiana, kwamba namba zile nimewalisha mimi kwa uvivu wangu. Huenda nikafukuzwa kazi, na huenda matokeo yakafutwa vilevile. Ila sitaki Mize aitwe mwizi wa mtihani kwa kosa la kumsikiliza mwalimu wake.