Kombi ya Aloys imewaka

Belyse, uko? Eish, sikia haya.

Ile kombi kuukuu ya Aloys, yenye kitanda na jiko ndani, leo imewaka! Waliinunua na mkewe waende Durban kuona bahari, ikaishia kulala gereji hapa mtaani Fordsburg miaka na miaka, panya wakala hadi godoro. Ameifufua peke yake.

Injini ilipounguruma, akachungulia dirishani, akaita kwa furaha, "Godelieve! Panda twende!"

Godelieve, Belyse! Mkewe tuliyemzika mwaka juzi.

Mwenyewe akaduwaa, mikono kwenye usukani.

Nikasema, "Shemeji, nitapanda mimi." Nikafungua mlango wa mbele.

Akaniambia taratibu, "Hapo hapana. Kaa nyuma."

Tukazunguka Fordsburg hivyo hivyo, yeye mbele, mimi kitandani, kiti cha pembeni yake kitupu.