Karatasi ya Kumpima Kaka

Baba yangu mpendwa,

Nyumba yako ya Kabuga imepata mwenyewe, lakini roho yangu haijatulia. Nina swali ambalo ungekuwa hai nisingethubutu kukuuliza.

Unakumbuka asubuhi ile uliponiita kitandani kwako, ukanipa karatasi mbili za plastiki angavu? Kubwa ilijaa nukta nyeusi, kama pilipili manga iliyomwagika. Mwalimu wa hesabu hata ugonjwani! Ulisema kaka yangu Yusufu naye anayo ya kwake. Kila moja peke yake haisemi kitu, ila zikilaliana litasomeka jina la uliyemwachia nyumba.

"Kwa nini usituambie tu?" nikacheka.

Hukucheka. "Nikitaja leo, mtagombana ningali napumua."

Ile ndogo uliifunga kwenye leso yangu. "Ilaze juu ya karatasi ya kaka yako kabla hujaamini chochote. Kama ni ile niliyompa mimi, utaona birika. Asijue mtu."

"Unamshuku mwanao, baba?"

"Mdanganyifu haibi siri, mwanangu. Anakuletea ya uongo, nawe unamshukuru."

Baada ya mazishi Yusufu alikuja kwangu Ndera. "Dada, paa yako iko inavuja. Lete karatasi nikutunzie." Nikampa ile kubwa. Ndogo nikanyamaza nayo.

Siku ya hitima aliirudisha, tukazibandika yangu na yake kwenye kioo cha dirisha la sebuleni kwako. Kabla hazijakaa sawa, Yusufu alikuwa ameshainua mikono kuomba dua ya shukrani. Kisha jina likatokea: YUSUFU. Shangazi Mariamu, dada yako aliyekuuguza mpaka mwisho, akasema "Alhamdulillahi," akainuka kwenda kufungasha nguo zake.

Ile mikono iliyotangulia ndiyo iliyoniamsha. Aliyewahi kushika karatasi zote mbili anaweza kuchapa nyingine, ilingane na yangu, itoe jina analolitaka. Nikatoa leso. Nikailaza ile ndogo juu ya karatasi yake. Nukta tupu.

"Birika liko wapi?" nikauliza.

"Birika gani, sha, dada yangu?"

"Alilochora baba kwenye karatasi yako ya kweli."

Akaketi. Shangazi alisimama mlangoni na kanga mkononi. Mwishowe Yusufu akatoka kwenda garini, akarudi na karatasi nyingine iliyokunjika pembeni. Birika likaonekana, na mdomo wake uliopinda. Tukailinganisha na yangu: MARIAMU.

Shangazi alilia kwa sauti ambayo hata mazishini sikuisikia.

Yusufu alipokuwa akivaa viatu aliniambia kwa upole, "Na mimi baba alinipa ya kukupima wewe. Sikuitumia."

Hapo ndipo nilipokwama, baba. Mwongo wetu ndiye aliyeniamini. Siku hizi akinipigia kutoka Busanza kunijulia hali, namsikiliza kama mpelelezi. Hata kikohozi chake nakichunguza. Je, ulimpima kwa sababu ulimjua? Au alikuwa hivyo kwa sababu tangu utoto alijua anapimwa? Na mimi, ulikuwa umeona nini kwangu?

Pumzika. Shangazi amepaka kuta rangi, analala kwake bila hofu. Idi inakaribia, na Yusufu ameomba kuja kula kwangu. Bado sijamjibu.

Mimi binti yako, uliyenipenda na kunishuku.