Sanduku la Ugiriki Lililokwenda Ashkhara

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha Polisi, Ibra
Tarehe: Alhamisi, 9 Oktoba 2025, alasiri
Jina la shahidi: Kudura Jamaldini Mbwana
Umri: Miaka 43
Kazi: Mfanyakazi wa nyumbani
Makazi: Nyumbani kwa Bw. Marhun, Ibra. Kwao ni Pangani, Tanzania
Lugha: Kiswahili

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu Shaweji, dereva wa nyumba yetu, yumo humu ndani tangu adhuhuri akiulizwa kama alimteka Bi Khamisa, na mimi nilikuwa ndani ya gari hilohilo. Kwanza namshukuru Sajini Taimur kwa maji ya kunywa na kwa kunisikiliza kwa lugha yangu. Kiswahili chake alichorithi kwa bibi yake kinachechemea kidogo, lakini kinafika. Ameniomba hilo lisiandikwe. Nimemwambia maelezo ni yangu.

Bi Khamisa ni mama yake Bwana Marhun. Ana miaka sabini na sita, na alizaliwa Unguja mjini. Nimekaa naye miaka tisa. Mama yangu alipofariki Pangani nami nikashindwa kuwahi mazishi, Bi Khamisa alitandika mkeka jikoni akakaa na mimi matanga yote, na kila mgeni aliyeingia alimwambia, "Mpe pole Kudura, kafiliwa." Fadhila ile sijui nitailipa kwa nini. Ndiyo maana sitaki mtu aseme hana akili zake.

Mnamo mwezi wa nane mwaka huu, Reem, binti wa Bwana Marhun, alisema anampeleka bibi yake kupumzika Ugiriki, kwenye kisiwa kiitwacho Paros. Akasema, "Na da Kudura anakuja. Si kufua, kupumzika." Nililia mbele yao wala sikuona haya. Tangu siku hiyo kila tukinywa kahawa ya alasiri simu ya Reem ilizunguka, tukichagua pa kukaa. Bwana Marhun alitaka hoteli kubwa yenye lifti. Reem alitaka nyumba ya juu mlimani, watu wanapopigia picha. Bi Khamisa akamwambia, "Ngazi zote hizo nipande kwa magoti ya nani?" Yeye alitaka mambo mawili tu, chumba cha chini na bahari karibu. Mimi sikuulizwa, lakini nilisema pawe na jiko, maana sijui hao wenzetu samaki wanamtia nini.

Mwisho Reem akapata nyumba nyeupe yenye mlango wa buluu, chumba cha chini, vitanda viwili, bahari mbele. Viza zikatoka. Safari ni keshokutwa Jumamosi kutoka Maskati. Sanduku la Bi Khamisa ni jipya, la kijani, na nililifukiza udi mwenyewe mpaka nguo zote zikanukia.

Jumapili iliyopita Reem alituonyesha picha nyingine ya nyumba hiyo. Nje wamekaa bikizee wawili kwenye benchi, wamevaa nguo nyeusi, wanamenya maharage. Reem akasema ni mtu na mdogo wake, ndio wenye nyumba. Bi Khamisa akaishika simu muda mrefu.

Akauliza, "Wanakaa pamoja?"

Reem akasema, "Eiwa bibi, tangu wadogo."

Bi Khamisa akairudisha simu. Siku hiyo hakuimaliza kahawa yake.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa kuwa wanaouliza maswali ni vijana. Mtu wa kwetu akienda Hija huzunguka kwanza kuomba radhi kwa kila aliyeishi naye, maana huenda asirudi. Kwa safari ya kwenda kupunga upepo Ugiriki sijamwona mtu akiomba radhi. Bi Khamisa aliomba. Aliniambia, "Ndege ni ileile, Kudura. Mauti hayaulizi tiketi ya wapi."

Mnamo tarehe 8 Oktoba, Jumatano, asubuhi saa mbili, Shaweji alitupeleka mimi na Bi Khamisa kwenye soko la wanawake. Yeye alibaki nje, kwa kuwa wanaume hawaingii. Bi Khamisa hakununua hata udi. Alipita kwa wauzaji na kwa marafiki zake, kila mmoja akimshika mkono na kumwambia, "Nisamehe, nasafiri." Bi Lamees, jirani yetu, akamuuliza, "Unakwenda umra?" Akajibu, "Ugiriki." Bi Lamees akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha na yeye. Huyu ndiye aliyempigia simu Bwana Marhun mchana akamwambia mama yake ameaga kama mtu asiyerudi. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeshika simu mapema zaidi.

Kutoka sokoni Bi Khamisa alisema tupite nyumbani kuchukua sanduku, halafu twende Ashkhara. Nikajua tunakwenda kwa nani. Huko anaishi Bi Saliha, mdogo wake wa tumbo moja. Miaka mingi nyuma mtoto wa Bi Saliha, Osama, alimposa binti wa Bi Khamisa. Bi Khamisa akairudisha posa na maneno juu yake. Alisema, "Binti yangu haendi kunuka papa." Kule Ashkhara watu wanaanika samaki, ndiyo riziki yao. Tangu hapo ndugu hawa hawakusemeshana, na Bwana Marhun alikataza jina la Ashkhara lisitajwe nyumbani, eti presha ya mama inapanda.

Shaweji alisema, "Bibi, nimpigie Bwana kwanza." Bi Khamisa akamjibu, "Mpigie. Mimi nashuka hapa natafuta teksi." Shaweji alipiga simu mara mbili nami nikiona. Bwana Marhun alikuwa kazini Maskati, hakupokea. Simu hizo zimo kwenye simu yake, aitazame. Simu yangu mimi niliiacha jikoni ikichaji. Tulipopita Mintirib, Bi Khamisa akasema, "Shaweji, nipe simu nikushikie, uangalie njia." Akaizima akaikalia. Shaweji angefanya nini, amnyanyue bibi wa watu?

Njia nzima Shaweji aliendesha taratibu kwa ajili ya magoti ya Bi Khamisa, akasimama kila alipoombwa. Tulifika baada ya adhuhuri. Bi Saliha alikuwa uani, anageuza samaki kwenye wavu. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akaniitikia mimi, "Marahaba." Dada yake hakumwitikia.

Bi Khamisa alisimama palepale juani. Akasema, "Saliha, nasafiri. Neno lile nililisema mimi. Nimekuja uniwie radhi."

Bi Saliha akaendelea kugeuza samaki. Kisha akasema, "Unanukia udi, dada. Utawatia nzi wangu wazimu."

"Basi nipe papa nile, ninuke kama wewe."

Hapo Bi Saliha aliangusha samaki aliyemshika. Walikumbatiana wakalia kama watoto, na mimi nikalia, na Shaweji akageukia ukutani akisema vumbi limemwingia machoni. Tulikula wali na papa wa nazi. Bi Khamisa alikula kwa mkono mpaka akaramba vidole. Tukalala huko kwa amri yake, siyo ya Shaweji. Shaweji aliiomba simu yake mara tatu. Bi Khamisa akasema, "Miaka yote hiyo tumesubiri, na Marhun asubiri mpaka kesho."

Leo asubuhi Bi Saliha alizitoa nguo zote sandukuni, akazifunga kwenye shuka, na sanduku akalijaza papa mkavu. Akasema, "Peleka Ugiriki, wale bikizee na wao waonje." Nilimwambia hatutapita uwanja wa ndege na kitu kile. Hakuna aliyenisikiliza.

Tulirudi Ibra saa sita mchana tukakuta gari la polisi mlangoni. Bwana Marhun alisema Shaweji amemchukua mama yake, na kwamba neno la mama yake halitoshi kwa sababu anasahau siku hizi. Bi Khamisa hasahau. Maradhi yake ni kukumbuka. Bwana Marhun namheshimu, ni mtu mwema, hajanidhulumu hata siku moja, na najua usiku wa jana hakufumba jicho. Lakini Shaweji hakumteka mtu. Alimpeleka mzee mahali ambapo watoto wake walipaswa kumpeleka zamani. Ninamshukuru Shaweji. Kama hakuna mwingine atakayesema, basi liandikwe hapa.

Kama safari ya Jumamosi itavunjika kwa haya, na ivunjike. Mimi Ugiriki yangu nimeiona jana, uani kwa Bi Saliha. Bi Khamisa yuko nje hapo, amekaa kwenye benchi la ukumbini na sanduku lake miguuni. Amekataa kwenda nyumbani mpaka Shaweji atoke. Sanduku linanuka kituo kizima. Nimemwambia nitalifukiza udi likifika nyumbani. Amenikataza.

Nimesomewa yote haya na ndivyo nilivyosema. Nasimama nayo mbele ya yeyote.

Sahihi ya shahidi: Kudura J. Mbwana

Maelezo ya ofisa: Nimeandika haya kama shahidi alivyosema na kumsomea. Simu mbili ambazo hazikupokelewa zimeonekana kwenye simu ya mlalamikaji. Nimemtafsiria mlalamikaji maelezo yote kwa Kiarabu, mama yake akiwa amekaa pembeni yake. Ameondoa malalamiko na amemwomba Shaweji radhi ukumbini, mbele yangu. Shahidi alitaka kuacha samaki mkavu kituoni kama shukrani, nimemrudishia. Kabla ya kuondoka mlalamikaji aliniuliza njia ya kwenda Ashkhara, kwa sababu anataka kufika kwa mama yake mdogo kesho, kabla ya safari. Nimemwambia amuulize Shaweji.

Sajini Taimur