Homa Niliyoiandika Mimi

Ña Clotilde wa redioni, naomba unisaidie, sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume hapa Encarnación, Paraguay, na wodini kwetu amelazwa Don Eulogio, mzee wa miaka themanini na moja aliyevunjika nyonga, amewekewa mpira wa mkojo, na anayemuuguza ni bintiye, Ña Deolinda, ambaye ni mama yangu wa ubatizo, mpaka leo nikikutana naye nafumba mikono namwomba baraka. Sasa daktari wetu ametukataza kupeleka mikojo maabara ovyo, anataka kwanza mgonjwa awe na homa au dalili nyingine, lakini mama huyu aliuona mkojo kwenye mfuko wa ule mpira umekolea kama chai ya rangi na unanuka, akanijia juu mbele ya wagonjwa wote, "We mtoto, baba yangu anaoza humu, wewe unanisomea sheria? Nilikubeba ubatizwe ili uje kunifanyia hivi?" nikachota mkojo kwenye mfuko, na kwenye fomu nikaandika ana homa, wakati hakuwa na homa hata kidogo. Majibu yakarudi na bakteria, daktari akaamini ile homa, akaanzisha sindano za antibiotiki, leo siku ya nne, na tangu jana mzee anaharisha mpaka hawezi kuketi, operesheni ya nyonga iliyokuwa kesho imeahirishwa, na mama anapita kitanda kwa kitanda akinisifu eti nimemwokoa baba yake. Nikisema, nitafukuzwa. Nikinyamaza, naona mzee anakwisha.

Muuguzi mwenye aibu (majina yote nimeyabadilisha)

*

Mwanangu, pole. Nimeuguza wodini miaka thelathini na moja, na akina Deolinda nawajua. Mtu aliyekubeba ubatizoni akikufokea hadharani, unafanya atakalo. Hilo nakuelewa.

Lakini homa ya uongo? Hapo sikuelewi hata kidogo! Na wewe umesomea kazi hii. Mkojo uliokaa mfukoni tangu asubuhi kwenye joto hili la Januari lazima uote bakteria, na mzee mwenye mpira anaweza kuwa nao bila kuumwa. Ndiyo maana daktari alikataza. Si ubahili wala kiburi. Kipimo kisichohitajika huleta jibu, jibu huleta dawa, na dawa ndiyo hiyo huenda inamharisha mzee wa watu.

Tena nikuulize, tangu alazwe amekunywa nini? Mtu wa kwetu ameshinda na tereré, chai yetu ya majani ya maji baridi, maisha yake yote, mkimlaza mnamnyang'anya kopo kwa kuogopa baridi itamwingia mfupani, halafu mnashangaa mkojo umekolea! Ana kiu huyo, jamani.

Sasa nisikilize. Mtafute daktari, umwambie hivi: "Homa niliiandika mimi, hakuwa nayo. Mkojo niliutoa mfukoni. Tangu jana anaharisha." Usianze na mama yako wa ubatizo, usianze na machozi. Dawa iachwe au iendelee, ataamua yeye, lakini aamue kwa habari za kweli. Muulize pia kama huo mpira bado una kazi. Huenda ukapewa barua ya onyo, huenda ukapata makubwa zaidi, siwezi kukudanganya.

Deolinda mfuate baadaye. Omba baraka kama kawaida, kisha mweleze yote. Atakasirika, na ana haki. Daktari akiruhusu, mpe jagi la maji, mwambie, "Mama, kazi yako ni kumnywesha, na ukimwona ana homa au amechanganyikiwa, niite mbio." Mtu aliyepewa kazi hapigi kelele sana.

Barua yako ya leo naisoma hewani saa tano kasoro robo asubuhi. Sindano ya mchana haijachomwa bado. Zima redio, uende.