Siku Lameck Alipobebwa

Makambako,
Jumamosi jioni

...na jibu langu, dada Edina, ni hapana. Sijajuta hata siku moja. Majuzi uliponiuliza kwenye simu nilicheka tu nikaaga, wala haikuwa dharau. Nilijua mama ameweka sauti ya juu, maana jirani yenu naye aliitikia salamu yangu kutoka shambani kwake! Mambo haya hayasemeki mbele ya jirani. Ndiyo maana nimetafuta karatasi.

Kamwene, dada yangu. Hamjambo hapo Mlangali? Mgongo wa mama unaendeleaje tangu mlipomaliza kuvuna maharage? Na baba, kikohozi kimemwachia? Bado anakaa kimya jina la mume wangu likitajwa, au siku hizi anaguna kidogo? Sisi ni wazima wa mwili. Baridi ya huku mnaijua, ila upepo wake hamjauonja. Unapita kwenye tundu la ufunguo kama mtu mwenye haraka.

Dada, ngoja nikwambie kwanza mambo ya kwetu wawili, na haya usimsomee mtu. Lameck huamka kabla yangu. Anawasha jiko la mkaa, kisha anaviweka viatu vyangu karibu na moto ili nikivivaa viwe vya moto. Viatu! Katika maisha yangu ni nani aliwahi kufikiria miguu yangu? Na mwezi huu, katikati ya masweta yote ya shule anayofuma kwa mashine yake, aliiba nyuzi akanifumia la kwangu, zambarau kama ua la kiazi. Hakunipima kwa futi, alinipima kwa macho, nalo limenikaa kana kwamba nimezaliwa nalo. Nikimuuliza aliwezaje, anasema, "Mke wangu, kuna kitu kingine ninachokitazama?" Basi mimi hapo nakosa hata pa kuweka sufuria.

Kuanzia hapa unaweza kumsomea mama. Na baba akipita, usishushe sauti.

Nimefanya kosa, dada, na karibu limlize mume wangu.

Unajua kwamba Lameck yuko kwenye kikundi cha watu wenye ulemavu hapa mjini. Kuna ofisi moja, siitaji, ambayo ndiyo wanakopeleka maombi yao yote: kadi za matibabu, magongo na viti mwendo, mikopo ya vikundi. Ofisi hiyo iko ghorofani, juu ya duka la mabati. Ngazi ni nyembamba, hazina hata mahali pa kushika. Ukimtuma ndugu akupelekee fomu, anaambiwa, "Mhusika aje mwenyewe." Mhusika ndiye huyo amekaa barabarani kwenye kiti mwendo, anaitazama ngazi. Kuna Mzee Nikodemu, aliyekatwa mguu. Yeye hupanda kwa kukalia ngazi moja baada ya nyingine, kinyumenyume, karatasi zake amezibana kwa meno. Nilipomwona mara ya kwanza niligeukia ukutani.

Wameandika barua miezi mingi wakiomba ofisi ishushwe chini, kwenye stoo iliyo wazi nyuma ya duka, tena wakaomba iwekwe njia ya mteremko. Hatimaye wakaambiwa kuna wageni watakuja kutoka Njombe kuangalia kama kweli huduma haziwafikii. Mwenyekiti wao, Mama Tabitha, ni mama asiyeona, lakini anamjua kila mtu kwa jinsi anavyokohoa. Aliwaita wote akasema, "Mimi nikishikwa mkono napanda. Siku hiyo sipandi. Hapandi mtu, habebwi mtu. Tutakaa chini ya ngazi, wageni washuke watukute tulipo." Wote wakakubali. Na mimi nilikuwepo, dada. Nilipiga makofi kuliko wote.

Siku yenyewe kukawa na manyunyu na upepo. Kikundi kizima kilikaa chini ya ngazi tangu asubuhi. Wageni walifika, wakasalimia vizuri, wakapanda juu na afisa wa ofisi ile, wakakaa huko. Saa moja ikapita, saa ya pili ikapita, hakuna aliyeshuka. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kuchukua chupa ya chai. Niliporudi nilimkuta Lameck midomo imebadilika rangi, na kikohozi alichokuwa nacho wiki iliyotangulia kimerudi. Moyo wangu ukapasuka. Sikufikiria barua wala makubaliano. Niliona mume wangu anasikia baridi, basi.

Nikawaita vijana watatu wa bodaboda. "Kaka zangu, nisaidieni kumpandisha mume wangu."

"Yule bwana harusi wa juzijuzi?" mmoja akasema. "Huyo tunamrusha hadi mawinguni!"

Wakakishika kiti mwendo chake. Lameck akasema, "Aneth, hapana." Nikamwambia, "Mpenzi, utaumwa." Akasema tena, "Aneth, waambie waniweke chini." Nami, dada, nilimfunika kwa kitenge changu nikawaambia vijana wapandishe. Wakaanza kuimba ule wimbo wa kumpokea bwana harusi, watu wa dukani wakatoka nje wakapiga vigelegele. Nisikudanganye, nilifurahi. Niliona kama harusi yetu imerudi.

Chini nikamsikia Mama Tabitha anauliza, "Anayepandishwa ni nani?" Akapapasa hadi akampata aliyekaa karibu naye. "Nikodemu, nakuuliza wewe. Ni nani?"

"Lameck."

Mama Tabitha alijivutia khanga yake mabegani.

Huko juu afisa alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, karibu bwana Lameck! Waheshimiwa, mnaona wenyewe? Huyu hapa na kiti chake." Akapiga picha. Akamwekea daftari la mahudhurio, Lameck akasaini kwa sababu wageni wote walikuwa wanamtazama. Haikuchukua dakika tano, tukashushwa.

Siku chache baadaye ikabandikwa karatasi mlangoni mwa duka: ombi la kushusha ofisi linapelekwa kwenye kikao cha kamati Njombe likiwa na maoni kwamba halina uharaka, kwa kuwa hata wenye viti mwendo wanafika na kuhudumiwa, na ushahidi wa picha upo. Dada, picha yenyewe ni ya mume wangu. Miezi yote ile ya wenzake, niliifuta mimi na kitenge changu.

Lameck hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza! Alifuma tu. Mashine inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, siku mbili nzima. Viatu vyangu bado aliviweka karibu na moto, na hilo ndilo lililoniliza. Siku ya tatu nikakaa chini karibu na mashine nikamshika mkono ili isimame. Nikamwambia, "Siku ya harusi walikubeba vilevile, mpaka kwenye ngazi za kanisa, matarumbeta yanalia. Mbona siku ile ulifurahi?"

Akautoa mkono wake kwenye wangu. "Siku ile nilishika kiti hivi," akanionyesha, vidole vimekaza hadi vyeupe. "Kila hatua nilisema sasa naanguka, naanguka mbele ya baba yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka, Aneth. Sikutaka kukukatisha."

Unakumbuka, dada, mimi ndiye niliyewaomba vijana wa kwaya wambebe siku ile? Nilisema bwana harusi wangu hapiti pembeni, anapita juu kama mfalme. Nyote mlinisifu. Hakuna aliyemuuliza mfalme.

Jioni hiyo Mama Tabitha alikuja, ameshika bega la mjukuu wake. Alikaa, akanywa chai yote ndipo akasema, "Bibi harusi, huko Njombe lazima mtu aseme yule hakupanda kwa hiari yake. Nikisema mimi, wataniambia sikuona, na kweli sikuona. Lameck akisema, ataonekana anamsingizia mke wake. Amebaki nani?"

Nikasema, "Nimebaki mimi."

"Haya. Ulitupigia makofi, sasa utusemee."

Basi tulikwenda Njombe Alhamisi, mimi, Lameck, Mama Tabitha na Mzee Nikodemu. Ukumbi, nashukuru Mungu, uko chini, hauna hata kizingiti. Nilivaa sweta langu la zambarau. Unakumbuka pale kanisani kwetu, mtu aliyetengwa anavyorudi kundini? Anaitwa jina, anasimama mbele, anataja kosa lake kwa mdomo wake, na watu wote wanamjua yeye na mama yake. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunawachungulia kati ya vidole. Dada, sitawachungulia tena. Kutoka kwenye kiti changu hadi mbele ni hatua chache, nilizihisi kama kupanda kutoka mtoni na ndoo mbili.

Nikasema, "Waheshimiwa, mimi ndiye niliyeagiza mume wangu abebwe. Nilikuwa nimekubaliana na wenzake kwamba asibebwe, nikavunja makubaliano. Aliniambia hapana mara mbili. Sikumsikiliza."

Mwenyekiti wa kamati, baba mmoja mwenye miwani, akatabasamu. "Mama, mke kumhurumia mume wake, kosa liko wapi hapo?"

Nyuma mtu akasema, "Waacheni, bado wako fungate!" Ukumbi ukacheka.

Nikajibu, "Kosa ni kwamba yeye ni mtu mzima, na alisema hapana. Akitaka kadi ya matibabu kesho, nani atamwitia bodaboda? Na siku mimi nikiwa mgonjwa? Wewe, mheshimiwa, ungependa kuingia ofisini kwako ukiwa umebebwa na watu wanaokuimbia?"

Kicheko kikakatika. Yule afisa akasimama. Hakuwa na ukali, alikuwa mpole kabisa, na upole wake ulinitisha. Akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, tusiongozwe na machozi. Picha hii hapa. Anatabasamu."

Lameck akanyoosha mkono. "Naomba niione."

Akaitazama, kisha akasukuma kiti chake mwenyewe hadi kwenye meza ya mbele akamwekea mwenyekiti. "Mdomo kweli umetabasamu, nina adabu. Tazama mikono."

Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena. Akampa mjumbe wa kulia kwake, naye akampa mwingine. Ile picha ilizunguka meza nzima, dada. Nilikuwa nawatazama mmoja mmoja, na kila mmoja alipofika kwenye mikono ya mume wangu, mikono yake mwenyewe ilisogea mezani.

Sitaki kukudanganya kwamba tumeshinda. Hawakuamua. Mwenyekiti alisema maoni ya awali yanaondolewa, na kamati nzima itakuja Makambako Jumatano hii, itakaa chini ya ngazi pamoja na kikundi, na hapo ndipo itakapoamua. Afisa aliandika bila kutuangalia. Mzee Nikodemu anasema watakuja. Mama Tabitha anasema ataamini akisikia wanakohoa. Mimi silali vizuri. Ikishindikana, kosa bado ni langu, na Mzee Nikodemu atarudi kupanda kwa makalio na karatasi mdomoni.

Lakini tulipokuwa tunarudi, Lameck aliweka mkono wake juu ya wangu mbele ya abiria wote, hakuutoa hadi tulipofika. Mimi nikasahau hata hiyo Jumatano. Nisamehe, dada, nampenda mpaka nakosa adabu.

Sasa haya ni ya baba, msomee taratibu. Baba, kabla sijaolewa uliniuliza, "Binti yangu, utambeba mpaka lini?" Sikuwa na jibu, nikalia, ukadhani umenishinda. Leo ninalo. Simbebi, baba. Nilimbeba mara mbili, nilikosea mara zote mbili. Anakwenda mwenyewe, ninakwenda ubavuni kwake. Kinachomzuia ni ngazi, na ngazi zimejengwa na watu.

Na mlangoni kwako zipo tatu. Za mawe, ulizijenga wewe, nilikuletea maji ya kuchanganyia udongo. Usiwaite vijana wa kumbeba. Wala msimpitishe kwa mlango wa jikoni eti kwa sababu huko ni tambarare. Mkwe hapiti jikoni kwa mama mkwe, hata mimi nalijua hilo. Udongo na mawe ya pale bondeni, toroli saba au nane, vinatosha kufanya mteremko. Lameck amenichorea, mchoro nimeuweka ndani ya bahasha.

Nisalimie shangazi Yusta aliyenishonea gauni, mwambie bado nalivaa chumbani tukiwa wawili. Msalimie mwinjilisti aliyetufundisha kabla ya ndoa, na Gadi mdogo wetu, aache kukimbiza pikipiki kwenye ule mteremko wa mtoni. Mama nambusu viganja vyote viwili.

Jumatano ikipita, kwa heri au kwa shari, tunafunga safari. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwenu. Tukikuta njia, tutaingia. Tusipoikuta, tutakaa palepale chini ya ngazi, mimi na yeye, mtuletee chai nje, tusubiri mpaka baba ashuke.

Mdogo wako mwenye furaha na hofu,
Aneth, mke wa Lameck