Klachi kwenye gari langu

Safaa, uko hapo?

Gari langu limerudi kutoka gereji Gongoni. Swafwan kang'oa giaboksi ya otomatiki, katia gia za mkono! Mume wangu, bila hata kuniuliza!

Nimefungua mlango nikakuta klachi. KLACHI, Safaa!

Nikampigia fundi Kaingu. Ati, "Mama, mzee alisema mmekubaliana." Mimi mwenye gari hakunitafuta!

Swafwan naye, macho makavu: "Otomatiki inakula mafuta. Ukitaka kutoka, nitakupeleka mimi."

Nitakupeleka mimi!

Anajua mguu wangu wa kushoto hauwezi kukanyaga klachi. Anajua kuliko mtu yeyote. Si ni yeye aliyeshika usukani siku mguu huu uliposagika?