Kikombe cha chai kimeniletea askari

Marcellin, usinipigie kwanza, soma.

Unajua kawaida yangu. Kila asubuhi natoa kiti nje ya geti, nakunywa chai juani, na kila anayepita namwinulia kikombe. Tangu nihamie mtaa huu wa La Rochelle, huku kusini, hiyo ndiyo raha yangu.

Leo gari la ulinzi likasimama mbele yangu. Na mimi nikaliinulia kikombe!

Akashuka Hénock, yule kijana wetu wa Bukavu. Hata hakucheka. "Papa, umeripotiwa. Wanasema kuna mzee anachunguza nyumba, halafu anawapa wenzake ishara kwa kikombe."

Ishara, Marcellin! Kwa kikombe! Mimi, mwizi!

"Ingiza kiti ndani, Papa. Usikae hapa tena."

Eish. Nchi zote nilizozunguka, hakuna iliyoninyima jua. Nikaanza kukunja kiti, chai ikanimwagikia suruali.

Mara yule bibi Mzulu wa nyumba ya mbele, wanayemwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao, asiyewahi kunijibu salamu, akatoka na gauni la kulalia, anafoka: "Mwache huyo! Akiinua kikombe ndipo mimi nameza dawa. Leo mmenichelewesha!"

Kumbe siku zote alikuwa nyuma ya pazia, ananiangalia!

Akanigeukia. "Na wewe, unangoja nini?"

Nikainua kikombe kitupu. Gogo akameza dawa yake. Hénock akavua kofia, akauliza kama kuna chai iliyobaki.

Kesho natoa viti viwili, kimoja cha Gogo. Na usianze maneno yako.